Fungu la Doming

Taal, Batangas
3 Juni 1957

Mume wangu Anselmo,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukiambiwa upumzike unageuka gogo. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua na mvua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Ising anasoma. Doming mzima kupita kiasi.

Fungua kitambaa taratibu, ndani kuna chupa. Ni adobo ya kuku, yule jogoo mwekundu aliyekuwa akiwika saa asizotakiwa. Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo sikukuuliza kama una hamu. Nimempika kwa manjano mengi unavyopenda, siki ya mnazi na kitunguu saumu kichwa kizima. Pilipili manga nimeziacha nzima, usizitafune halafu unilaumu. Siki sikuikoroga mpaka ilipochemka yenyewe. Mama alikaa pembeni na mwiko kaushika yeye, hakuniamini. Hayo mafuta yaliyoganda juu usiyatupe, ndiyo yanayofanya chupa isichache njiani. Kondakta wa basi kaniapia ataiweka katikati ya miguu yake mpaka getini kwenu.

Ini usilitafute. Nilikuwa bado nanyonyoa, Doming kashaweka bakuli lake karibu na jiko. Nikamwambia, "Leo ini linakwenda sanatorio, baba yako mgonjwa." Akanijibu, "Baba alisema ini ni langu mpaka niote ndevu." Ulimwambia hivyo? Kama ulimwambia, lawama ni yako. Nilimpa. Halafu mchuzi uliobaki chunguni tukamwagia wali, ukawa wa njano wote, naye akapita kwa majirani akiwaambia amekula kuku mzima peke yake.

Kula, Selmo. Daktari alisema mbele yangu kwamba hakupasui mpaka mwili urudi. Nami nataka urudi, wewe na huo mwili.

Mkeo,
Leonila

*

Sanatorio
11 Juni 1957

Nila wangu,

Chupa imefika salama. Kondakta alitaka kunionyesha alama ya chupa kwenye visigino vyake.

Nilipoifungua, wodi nzima iligeuza shingo. Jirani yangu wa kitanda ni Pidyong, mtu wa Pampanga, na unawajua watu wa Pampanga, wanadhani Mungu aliumba jiko akawapa wao ufunguo. Akachungulia chupa akasema, "Ninyi huko Batangas mnapika kuku au mnampaka rangi?" Kwao adobo bila mchuzi wa soya si adobo. Nikamwambia basi aache. Hakuacha. Alikula paja.

Kuna nesi wa chakula hapa, Bi Rosenda, anapita na picha ya mtu aliyechorwa matumbo yote. Yeye ndiye bwana wetu kuliko daktari. Anasema wali unajaza tumbo lakini haujengi nyama. Nyama hujengwa na nyama, mayai na samaki, na mgonjwa wa kifua anahitaji mafuta, maana ugonjwa unamla kwa ndani kama mchwa. Aliitazama adobo yako, akainusa, akasema siki haidhuru, chumvi ipungue kidogo, na ngozi nile yote. Ini, anasema, linaongeza damu. Nikamwambia ini lina mwenyewe.

Ndiyo, nilimwambia Doming hivyo. Mtoto wa kiume lazima awe na kitu chake duniani.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Wanataka kunitoa mbavu kadhaa upande wa kushoto ili pafu lililooza lilale lipone. Wasipofanya hivyo, sitaiona Krismasi ya mwakani. Wakifanya nikiwa mifupa hivi nilivyo, nitabaki mezani. Chakula cha hapa ni wali, samaki mkavu, na supu ambayo kuku amepita juu yake akaendelea na safari. Kwa hiyo nakuomba, na naona haya kuomba: kama kuku wapo, tuma kila unapoweza. Kama hawapo, sema. Na watoto wapate mayai. Bi Rosenda anasema mtoto akikosa, mwili wake hauna akiba, homa ndogo tu inamwangusha.

Mikono yangu imekuwa laini. Mhunzi wa visu mwenye mikono ya padri. Ungenicheka.

Anselmo

*

Taal
26 Juni 1957

Selmo,

Kuku wapo. Wametapakaa uwanja mzima, nachoka kuwafukuza jikoni. Mayai watoto wanakula mpaka wanayakinai. Wewe shughulika na kula tu.

Kisa cha juma hili: yule mzee Istong wa kona ya kanisa amefariki, Mungu amlaze. Msiba ulikwenda vizuri mpaka alipofika mkwe wao wa Manila, yule mwenye nywele za saluni. Akaingia na sinia la kuku wa kukaanga, amelifunika kwa karatasi ya kung'aa, anatabasamu. Bi Biyang, mjane mwenyewe, akaacha kulia, akasimama, akalichukua lile sinia akalitupa nje ya dirisha pamoja na kuku wake. Akasema, "Unataka tumfuate? Kuku anafukua. Ukimla nyumbani kwa maiti anafukua kaburi la pili." Mkwe analia, anasema Manila hakuna mambo hayo. Mama yangu akamjibu, "Ndiyo maana Manila makaburi yamejaa." Mbwa wa mtaa mzima walishiba siku hiyo. Sasa yule mkwe anakula nguruwe kama sisi wote mpaka sala za siku tisa ziishe, na hafagii, na haogi ndani ya nyumba, kanyooka.

Nimecheka nikajisikia vibaya. Kisha nikacheka tena. Ningependa ungekuwepo unikanye.

Chupa ya pili hiyo. Ini limekwenda linakokwenda siku zote.

Nila

*

Sanatorio
21 Julai 1957

Nila wangu,

Nimepimwa. Nimeongezeka. Bi Rosenda alisogeza kile chuma cha mizani mara ya kwanza akanitazama, akasogeza tena. Akaita daktari. Daktari akanibana mkono hapa juu kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Endelea hivi hivi, Novemba tunakupasua." Nilitaka kumwambia asinishukuru mimi, amshukuru mke wangu na jogoo mwekundu na wenzake waliomfuata.

Pidyong hana mtu wa kumletea. Namgawia mchuzi. Ameacha kuutukana.

Habari ya mkwe wa Manila niliisimulia wodini, watu wakacheka mpaka wakakohoa, nesi akaja kunifokea. Hapa mtu akifa hawatuambii. Wanavuta pazia, asubuhi kitanda kina shuka jipya. Lakini kuku wa sanatorio huwa haadimiki siku hizo, kwa hiyo labda ndiyo maana vitanda havikai vitupu.

Nina swali. Nilipoondoka, kuku walikuwa wachache mno. Wewe unasema wametapakaa. Wanaangua kwa mashine? Nila, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Doming anakula nini?

Lakini tuma. Nikiandika neno hilo najichukia, ila nitaliandika. Tuma. Nataka kuishi.

Anselmo

*

Taal
7 Agosti 1957

Selmo,

Wewe ulikuwa unafua visu, hukuwahi kuhesabu kuku, leo ndiyo umekuwa bwana mifugo? Wanaatamia, wanaangua, wanakua. Ndivyo kuku walivyo. Kula.

Doming anakula anachokula kila mtu hapa. Tangu majuzi ana joto kidogo, na vipele vimeanza nyuma ya masikio. Ni surua, mtaa mzima inapita, wajukuu wa Biyang wanne wote wanayo. Nimemfunga gizani chumbani maana macho yanamuuma. Anauliza lini atachinjwa kuku mwingine. Nikamwambia ukipona. Akasema basi amepona.

Usihangaike. Surua kila mtoto huipata, hata wewe uliipata, mama yako alinisimulia ulivyokuwa unalia ukitaka maembe mabichi.

Leo chupa hakuna, sikupata nafasi. Juma lijalo.

Nila

*

Taal
27 Agosti 1957

Anselmo,

Nakutumia chupa. Samahani imechelewa. Nguruwe wetu alivunjika mguu kwenye mtaro, ikabidi achinjwe. Kwa hiyo safari hii ni nyama ya nguruwe, nimeipika vilevile kwa manjano na siki. Ina mafuta mengi, nadhani Bi Rosenda atafurahi.

Mvua ni nyingi huku. Kila kitu kina ukungu.

Kula yote.

Leonila

*

Sanatorio
31 Agosti 1957

Nila,

Nani?

Nguruwe yule ulikuwa unamlisha kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Ungempigia magoti huo mguu upone. Na sikuandikiwa majuma matatu, kisha barua yenyewe haina hata mzaha mmoja. Mke wangu ninayemjua hawezi kuandika mistari sita bila kumtania mtu. Na umesaini Leonila.

Chupa niliifungua nikaona nguruwe, nikaifunika tena. Pidyong akaniuliza nina nini. Nikamwambia kwetu mtu anapokosa kuku akapewa nguruwe, huuliza kwanza nyumba gani ina mshumaa. Akasema labda kuku wamekwisha tu. Nikamwambia, mke wangu anasema wametapakaa.

Ni mama? Kama ni mama Sepa, niambie. Nitamlilia. Alikuwa na mdomo mkali lakini alinipa binti yake wakati sina hata nyundo yangu mwenyewe. Usinifiche kwa kuogopa kifua changu. Kinachokiua kifua ni kukaa hapa nikihesabu sura zenu.

Nijibu kwa basi la kesho. Nani?

Anselmo

*

Taal
3 Septemba 1957

Selmo,

Tulia. Mama yupo hapa, anasema umemuua mapema, akifa kweli atakuja kukuvuta miguu. Ising amekuandikia maneno yake hapa chini kwa mkono wake, utaona mwandiko.

Kuku walipata mdondo. Ndiyo hivyo tu. Sikutaka kukuambia maana ungesema nilikuwa napiga chuku. Walianza kusinzia, shingo zikapinda, wakaisha kwa juma moja. Barua yangu ilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nguruwe alivunjika mguu kweli. Mambo mabaya huja yameongozana.

Doming ametulia siku hizi. Surua imekwisha.

Kula, tafadhali. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Nila

*Baba, shikamoo. Bibi anasema wewe ni mbuzi. Anasema magoti yake hayajambo. Mimi nipo darasa lilelile. Mama anasema niandike kwamba tupo salama. Ising.*

*

Sanatorio
9 Septemba 1957

Nila wangu,

Nimesoma barua yako nikacheka, nikalia, nikakohoa, na nesi akanifokea, yote kwa pamoja. Mdondo! Sijawahi kushukuru kwa kuku kufa. Mama Sepa mwambie ni kweli, mimi mbuzi, na aniwekee nafasi ya kunivuta miguu miaka mingi ijayo.

Nisamehe kwa ile barua. Mtu akilala mchana kutwa akili inaanza kutaga mayai viza. Nguruwe wako nimemla mpaka mfupa. Nimepimwa tena, nimepanda tena. Daktari ametaja siku: baada tu ya Siku ya Wafu. Mwaka mpya nitakuwa nyumbani, nimepinda bega la kushoto, lakini nyumbani.

Kwenye kitambaa utakuta kijiko. Nimemchongea Doming. Visu hawaturuhusu, nilimwomba fundi wa bustani kipande cha kamagong, ule mti mgumu mweusi, nikakichonga kwa kigae cha chupa. Ni kidogo, kinaenea kabisa mdomo wa mtoto. Mwambie ni cha kulia ini tu, asikichimbie udongo. Kuku mwingine akipatikana, akile mbele yako kisha uniandikie alivyofanya uso.

Nimefurahi surua imekwisha. Sasa mpe mayai ya jirani, ya kukopa, ya kuiba, sijali. Bi Rosenda anasema baada ya surua ndipo mtoto hulegea.

Anselmo wako

*

Taal
17 Septemba 1957

Selmo,

Kijiko kimefika. Ni kizuri mno. Ising amekiweka kwenye meza ya watakatifu ili kisipotee.

Mama wa ubatizo wa Doming ametuletea mtetea. Nimempika leo asubuhi. Chupa hiyo. Kula.

Nila

*

Sanatorio
20 Septemba 1957

Nila,

Chupa ilifika wakati wa kupimwa. Bi Rosenda alikuwa pale kitandani na mizani yake. Akasema, "Leo kuku amerudi, tumwone." Mimi mwenyewe nilimfungulia kwa furaha. Niliondoa mafuta ya juu kwa kijiko. Chini yake kulikuwa na paja, bawa, shingo. Kisha ini.

Nilidhani ni firigisi. Nikaligeuza. Ini lote, zima, halikuguswa na jino.

Pidyong akasema, "Ah, leo mwenye ini amekuhurumia." Bi Rosenda akasema, "Vizuri, hicho ndicho kinachotengeneza damu, anza nacho." Wakawa wananitazama wote wawili. Nila, nililila. Kama ningekataa wangeniuliza kwa nini, na ningewajibu, na likishatoka mdomoni mwangu lingekuwa kweli. Nililitafuna likajaa kinywa kizima. Nikatabasamu hata. Bi Rosenda akaandika kitu kwenye karatasi yake akaenda.

Sasa sikuulizi nani. Nakuuliza lini, na kama aliniita.

Anselmo

*

Taal
25 Septemba 1957

Selmo, mume wangu,

Tarehe kumi na sita Agosti, asubuhi, Ising akiwa amekwenda kuchota maji. Surua ilikuwa imekwisha kweli, sikukudanganya hapo. Vipele vilikauka. Ikaja kuhara, kisha ikashuka kifuani. Mwuguzi wa serikali alikuja, akamvua shati, akamgeuza, akaniuliza mtoto huyu anakula nini. Nikasema wali. Akauliza na nini. Nikasema na mchuzi. Hakusema neno baya. Alimvalisha shati taratibu akasema hana nyama ya kupigania.

Hakukuita. Alikuwa hana sauti. Siku moja kabla aliuliza kama baba amenenepa. Nikamwambia baba amenenepa sana. Akaridhika.

Kuku hawakuwahi kutapakaa. Ulijua, nami nilijua kwamba unajua. Mayai niliyaatamisha yote ili nipate vifaranga vya kukutumia wewe, na vifaranga havikukua upesi kama ugonjwa wako. Mdondo haukuwepo. Waliisha tu, mmoja mmoja, ndani ya chupa zako. Doming alipata maini, Ising alipata miguu, na wote walipata wali wa njano. Niliona anapungua. Nikajiambia ni mtoto, atarudisha, wewe ndiye usiyeweza kungoja. Niliwapima ninyi wawili kwa macho yangu kila siku, nikachagua. Sitamwambia padri kwamba sikuchagua.

Nguruwe alikuwa wa msiba wa mwanao. Nilikuwa nachota sufuriani kuwapa watu, nikakumbuka kwamba wewe pia ni mfiwa na hujala. Ndipo nikajaza chupa. Sikufikiri utatambua, au nilifikiri, sijui. Kuku sikuthubutu. Nina Ising.

Nikuambie habari ya ini. Sikuliweka kwa makusudi. Nilipika yule mtetea sala za siku tisa zikiwa zimepita zamani, nyumba imefagiwa. Nilisimama juu ya chungu nikangoja siki ichemke. Habari hii nayo nilikuwa nimeiacha vivyo hivyo, nikisema nisiiguse mpaka wewe upasuliwe, upone, iive. Nikalichota ini kwa mwiko, nikageuka kulitia bakulini kwake. Bakuli halikuwepo. Mama alikuwa amelificha. Nikabaki nimesimama na mwiko, mchuzi unanidondokea mguuni, unaunguza. Nilimpa Ising, akatoka nje mbio. Basi nikalitia kwenye chupa, maana lilikuwa lazima liwekwe mahali. Basi lilipoondoka ndipo nilipojua nimekuandikia nini.

Sasa sikia. Usije ukaacha kula. Najua umeshaacha, nakujua. Sina cha kukufariji nacho, sijakiona popote. Lakini usipopona, atakuwa ameishi kwa wali wa njano bure. Nitakupikia. Nitatafuta kuku ninakokujua mimi. Utakula mpaka wakupasue, na utarudi na bega lako lililopinda, na utasimama pale makaburini kwa miguu yako mwenyewe umwambie umenenepa.

Ising amekonda. Anasema hana njaa.

Nila

*

Sanatorio
14 Oktoba 1957

Nila,

Nimeishiwa maneno, nimekopa haya kwa Pidyong.

Nakula. Natafuna mbele ya Bi Rosenda, kisha naenda nyuma ya chumba cha kufulia, narudisha vyote. Pidyong husimama mlangoni akiimba ili nisisikike. Kisha nakula tena. Jana nimepimwa. Chuma cha mizani kimerudi kilipokuwa Juni. Daktari amefuta ile siku, anasema tutaona baada ya Krismasi. Hakunibana mkono safari hii.

Nilijua kuhusu kuku. Nilihesabu nikiwa kitandani, kila mara nikafika palepale, na kila mara nikaandika tuma. Hukuchagua peke yako.

Usinitumie chupa tena. Najua utatuma. Basi ukituma, ini usitie. Mpe Ising. Atakataa, atatoka nje mbio kama alivyofanya. Mfuate. Mkalishe, mpe kile kijiko kilichopo kwenye meza ya watakatifu, umwambie baba amesema sasa ni fungu lake. Msimamie mpaka ameze.

Anselmo